Tairi ni Gia ya Mwisho: Jinsi Matairi, Difu na Injini ya Lori la Zamani Vinavyopaswa Kusikilizana

Swali lililozaa makala hii liliulizwa katika uwanja wa fundi mmoja hapa Malindi, kando ya barabara iendayo Mambrui, na mzee ambaye lori lake linakaribia umri wa mwanawe wa kwanza. Mzee huyo hubeba chumvi kutoka Gongoni hadi Mombasa, na akirudi hupakia simenti au chochote kitakacholipa dizeli. Lori lake limefungwa matairi ya 8.25-20. Alikuwa amepata matairi ya 10.00-20 yaliyotumika, bado yana meno mazuri, pamoja na ringi zake, kwa bei ambayo hakutaka impite. "Fundi," alisema, "gari hili likifika sabini hupiga kelele kama linalia. Nikilitia miguu mirefu, si litakwenda?" Fundi akajibu kwamba litakwenda, kisha akauliza: "Na Gongoni utatokaje, mzee?"

Swali la mzee lilihusu mwendo na swali la fundi lilihusu nguvu, na ugumu wa jambo hili wote uko katika kufahamu kwamba yote mawili yanajibiwa na hesabu moja.

Injini ya dizeli ya lori la zamani huzunguka kati ya mizunguko 600 hivi kwa dakika ikiwa inawaka bila kukanyagwa na mizunguko 2,800 hivi ikiwa imekanyagwa hadi mwisho, ambapo gavana ya pampu huikatia dizeli isijiue. Mwendo huo ni mkali mno kwa magurudumu, na nguvu yake ya kusokota, ambayo hapa tutaiita torki, ni ndogo mno kwa tani kumi na mbili za chuma na chumvi. Kwa hiyo mzunguko hupunguzwa na torki huongezwa katika hatua mbili njiani, kwanza ndani ya giaboksi, kisha ndani ya difu iliyo katikati ya ekseli ya nyuma, pale gia ndogo iitwayo pinyoni inapoendesha kubwa iitwayo krauni. Ikiwa pinyoni ina meno 6 na krauni ina meno 41, propela, yaani mhimili unaotoka giaboksi kwenda difu, itazunguka mara 6.83 ili gurudumu lizunguke mara moja, na torki itakuzwa kwa kiasi hicho hicho. Hadi hapo mafundi wengi hukubaliana. Kinachosahaulika ni kwamba kuna hatua ya tatu, nayo ni tairi lenyewe. Tairi hugeuza mzunguko kuwa mwendo wa kwenda mbele, na kadiri lilivyo refu ndivyo linavyokwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na ndivyo linavyosukuma ardhi kwa nguvu ndogo zaidi, kwa sababu torki ileile inagawanywa kwa nusu kipenyo kikubwa zaidi. Kubadilisha kimo cha tairi ni kubadilisha gia zote za lori kwa pamoja, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na hata ya kurudi nyuma, bila kufungua boliti hata moja ya difu.

Kabla ya hesabu ni lazima tuwe na vipimo vya kuaminika, na hapa maandishi ya ubavuni mwa tairi huwapotosha wengi. Namba 8.25-20 inasema kwamba tairi lina upana wa inchi 8.25 na hukaa juu ya ringi ya inchi 20. Haisemi kimo. Katika mfumo huo wa zamani urefu wa ubavu hukaribiana na upana, lakini tairi halisi huwa refu kuliko hesabu hiyo inavyotoa. Tairi jipya la 8.25-20 huwa na kipenyo cha milimita 970 hivi, la 9.00-20 milimita 1,020 hivi, na la 10.00-20 milimita 1,055 hivi. Mfumo mpya huandika kimo waziwazi: 295/80R22.5 maana yake ni upana wa milimita 295, ubavu wenye urefu wa asilimia 80 ya upana huo, na ringi ya inchi 22.5. Ukijumlisha unapata milimita 1,044. Hapo ndipo watu hushangaa, kwa kuwa tairi la ringi ya 22.5, ambalo machoni linaonekana kubwa kwa sababu ya namba yake, ni fupi kidogo kuliko lile la 10.00-20 lenye tyubu. Ringi imekua na ubavu umepungua.

Hata hivyo mimi siamini sana majedwali kwa lori la zamani, kwa kuwa tairi lililobeba mzigo hubonyea, na tairi lililolika limekwisha kuwa fupi. Likipoteza milimita 12 za meno, kipenyo chake kimepungua kwa milimita 24, ambazo kwa tairi la 8.25-20 ni kama asilimia mbili na nusu. Njia bora ni ya chaki. Lori likiwa na mzigo wake wa kawaida na upepo sahihi, chora alama ubavuni mwa tairi la nyuma pale linapogusa ardhi, na nyingine juu ya ardhi hiyo. Lisogeze taratibu hadi alama ya tairi irudi chini, kisha pima kwa futi kamba umbali uliokwenda. Huo ndio mzingo halisi, na ndio unaoingia katika hesabu. Kwa lori la mzee tulipata mita 2.96. Kwa matairi ya 10.00-20 tutachukua mita 3.20. Tofauti ni asilimia 8.

Uwiano wa difu nao usiukisie. Kibati cha kiwandani huwa kimekwisha kupotea, na lori lililopita mikononi mwa wenye watano huenda lina difu ya lori jingine kabisa. Ikiwa difu iko wazi, hesabu meno ya krauni na ya pinyoni, ugawanye. Ikiwa hutaki kuifungua, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile la upande wa pili likiwa chini, weka gia huru, tia alama kwenye propela, kisha uzungushe gurudumu lililo juu mara mbili kamili huku utingo akihesabu mizunguko ya propela. Ni mara mbili kwa sababu difu hugawa mwendo: upande mmoja ukizuiwa, ulio huru huzunguka maradufu ya krauni. Hesabu ya utingo ndiyo uwiano. Kwa lori hili tulipata karibu mizunguko saba kasoro kidogo, ambayo ilitupa 41 kwa 6.

Hapa nina onyo ambalo si la pembeni. Malori mengi ya zamani yana breki ya mkono iliyofungwa nyuma ya giaboksi, inayoshika propela na wala haishiki magurudumu. Kwa kipimo hiki breki hiyo lazima iachiliwe. Na hata ukiivuta, gurudumu moja likiwa hewani lori halijashikwa na chochote, kwa kuwa lile la hewani litazunguka kinyume na kuliruhusu la chini lisonge. Vigingi madhubuti mbele na nyuma ya magurudumu yote yaliyo chini ni sharti, na mtu asiwe chini ya lori kabla havijawekwa.

Sasa tuseme injini hii ya silinda sita, isiyo na tabo ya kuisukumia hewa, ina torki ya juu kabisa ya nyutonimita 400 kwenye mizunguko 1,700, na gavana inaikata kwenye 2,800. Katika gia ya mwisho, ambayo katika giaboksi hii haikuzi wala haipunguzi, mizunguko 2,800 ukiigawa kwa 6.83 unapata mizunguko 410 ya gurudumu kwa dakika. Zidisha kwa mita 2.96, kisha ugeuze dakika kuwa saa, na lori linakwenda kilomita 73 kwa saa. Ndiyo maana lilikuwa likilia kwenye sabini. Lilikuwa limebakiza pumzi tatu tu. Kwa tairi la mita 3.20 hesabu ileile inatoa kilomita 79, chini kidogo tu ya 80 ambazo sheria ya Kenya inayaruhusu magari ya biashara. Tena kwenye mwendo wa 70 injini ingeshuka kutoka mizunguko 2,690 hadi 2,490, jambo ambalo ni nafuu ya kweli kwa masikio, kwa pistoni na kwa dizeli. Mzee hakuwa na makosa. Alichokiona kilikuwepo, ila alikuwa ameona upande mmoja.

Upande wa pili unaonekana Gongoni, pale lori lililojaa linapoondoka katika njia ya mchanga kuelekea lami. Watu wa pwani tuna mazoea ya kudhani kwamba habari za difu ni za watu wa bara wanaopanda milima, na kwamba kwetu, ambako nchi ni tambarare, tairi lolote linafaa. Dhana hii ndiyo inayoua klachi nyingi mjini hapa. Juu ya lami, upinzani wa magurudumu kubiringika ni kama asilimia moja ya uzito wa lori. Katika mchanga mlaini na mkavu unaweza kufika robo ya uzito, na kulitoa lori katika upinzani wa robo ya uzito wake ni sawa na kulipandisha mwinuko wa mita moja kwa kila mita nne. Mwinuko mkali kiasi hicho barabara kuu za bara hazina, ila sisi tunao, umelala chini.

Katika gia ya kwanza, tuseme inakuza mara 7, torki ya injini hufika magurudumuni ikiwa imezidishwa kwa 7 na kwa 6.83. Ukitoa asilimia 15 kwa ajili ya msuguano, na kugawa kwa nusu kipenyo cha tairi la sasa, lori linasukuma ardhi kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 3,520. Kwa tairi la 10.00-20 nguvu hiyo inashuka hadi kilo 3,260. Mtu akiambiwa kwamba amepoteza kilo 260 kati ya 3,520 ataona ni hasara ndogo ya kuvumilika. Lakini hakuna lori linaloondoka kwa nguvu yake yote. Lori huondoka kwa ziada, yaani kile kinachobaki baada ya upinzani kulipwa. Lori hili lililopakiwa lina tani 12, na robo ya tani 12 ni kilo 3,000. Kwa matairi ya sasa ziada ni kilo 520. Kwa matairi makubwa ni 260. Asilimia 8 ya nguvu imekula nusu ya ziada, na lori lililokuwa likiondoka kwa taabu sasa halitaki kuondoka.

Dereva atafanya nini? Atakanyaga zaidi na kuachia klachi polepole zaidi, na kamba hukatikia pembamba. Klachi ndiyo inayolipa tofauti kati ya injini inayozunguka na lori lililosimama, na malipo yake ni joto. Kwa kuwa kila gia sasa inakwenda mbali zaidi kwa asilimia 8, lori lazima lifikishwe kwenye mwendo mkubwa zaidi kabla klachi haijashika kamili, na nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo wenyewe. Joto la kila mwondoko, hata juu ya lami, linaongezeka kwa asilimia 17 hivi. Katika mchanga linaongezeka kuliko hivyo, kwa kuwa ziada ndogo maana yake ni muda mrefu wa kusuguana. Wanaosema kwamba sahani za klachi za siku hizi hazidumu wangepima kwanza matairi yao.

Nisiwe mwenye kuegemea upande mmoja: tairi kubwa nalo lina wema wake mchangani. Likiwa refu na pana huweka nyayo kubwa zaidi, huzama kidogo zaidi, na hivyo hupunguza ule upinzani wenyewe. Na katika mchanga mkavu kabisa, kama ule wa mdomo wa mto Sabaki, mara nyingi mshiko huisha kabla ya nguvu. Magurudumu yanachimba, lori linakaa, na hapo hakuna difu itakayokusaidia. Dawa ya hapo ni kupunguza upepo, kwenda polepole, na kuujaza tena kabla ya kushika lami, kwa sababu tairi laini lenye mzigo likiendeshwa mbio hupata joto na kupasuka. Lakini dereva wa lori la kukodi huwa hapunguzi upepo, kwa kuwa hana pampu ya kuujaza. Kwa hiyo wema wa tairi kubwa mchangani unabaki kwenye karatasi, na hasara yake inabaki kwenye klachi.

Barabarani nako hesabu ya ziada inaendelea. Chumvi hupelekwa Mombasa, yaani kusini, na katika miezi ya kusi upepo humpiga dereva usoni karibu safari nzima. Lori linalokwenda 65 dhidi ya upepo wa kilomita 30 kwa saa hukutana na hewa kana kwamba linakwenda 95, na upinzani wa hewa unapanda zaidi ya mara mbili. Gia ya tano iliyorefushwa na tairi inaanza kukosa pumzi kwenye vilima vidogo vya kuelekea Kilifi, ambavyo awali lori lilivivuka bila dereva kugusa gia. Anashuka ya nne. Ya nne, ikiwa inakuza mara moja na nusu, inakwisha kwenye kilomita 52 kwa saa. Basi lori lililonunuliwa matairi ya kulifikisha 79 linasafiri likiwa kwenye 50, injini ikilia kuliko zamani, na ile dizeli iliyotarajiwa kuokolewa inakwenda na moshi mweusi. Dalili ya uwiano uliorefushwa kupita nguvu ya injini ni hii hasa: gia ya mwisho haivuti na ile ya chini yake haitoshi.

Yapo mengine ambayo nitayapitia kwa haraka, ingawa moja lao lina uzito wa pekee. Breki za magurudumu hufanya kazi kwa torki, na torki ileile ya breki ikigawanywa kwa tairi refu zaidi hutoa nguvu ndogo zaidi ya kusimamisha lori, tena kwa asilimia 8 ileile. Spidomita, inayosoma mzunguko wa giaboksi, haijui kwamba tairi limebadilika: itaonyesha 74 lori likiwa kwenye 80, na kidhibiti mwendo kinachotegemea mzunguko huo kitaliacha lifike 86 kikiamini kwamba ni 80, ikiwa injini itaweza. Kilomita nazo zitapungua kwenye hesabu ya spidomita. Safari ya Malindi hadi Mombasa, ambayo ni kilomita 120 hivi, itaandikwa 111, na mwenye lori atadhani dizeli inaibwa, wakati umbali ndio uliofichwa. Utingo wa watu ameshafukuzwa kazi kwa hesabu ya namna hiyo.

Nafasi kati ya matairi pacha, yale yanayofungwa mawili mawili kila upande wa nyuma, pia ni jambo la kupimwa. Ringi ya kawaida ya 8.25-20 ina upana wa inchi 6.5, ya 10.00-20 ina inchi 7.5, na pacha zikikaribiana mno hugusana chini ya mzigo, hukwanguana na kuchemka. Katika pacha, tofauti ya kipenyo isizidi milimita 6, la sivyo refu litabeba mzigo wa mwenzake. Na tairi lenye uwezo mkubwa zaidi haliipi ekseli uwezo zaidi. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli ya matairi manne, na ekseli nyingi za malori haya zilitengenezwa kwa chini ya hapo.

Mzee alisikiliza yote haya akiwa amekaa juu ya tairi la spea, kisha akauliza lililo la msingi: ikiwa atabadilisha na difu, je? Hilo ndilo swali sahihi. Ili matairi ya 10.00-20 yavute sawasawa na ya sasa, difu ingehitaji kuwa 6.83 mara 3.20 gawanya kwa 2.96, yaani 7.38. Krauni na pinyoni zenye uwiano huo huo hasa hazipatikani, lakini 43 kwa 6, ambayo ni 7.17, ilikuwa ikifungwa katika malori ya aina hii. Kwa difu hiyo lori lingefika kilomita 75 na kupoteza asilimia 3 tu ya mvuto. Ila krauni na pinyoni ni mke na mume. Hutengenezwa pamoja kiwandani, husuguanishwa pamoja, na hupigwa namba moja. Kuchukua krauni ya difu hii na pinyoni ya ile ni kununua mlio usiokwisha na meno yaliyovunjika. Lazima zinunuliwe zote mbili, na fundi azipange kwa kupaka rangi juu ya meno ili aone yanagusana wapi, kazi inayotaka subira ambayo si kila uwanja unayo. Wenye bahati ni wale ambao malori yao yana difu ya gia mbili, ambayo dereva huichagua kwa swichi: moja ya kuondokea na moja ya kukimbilia. Lori la mzee halina.

Fundi ndiye aliyeleta tairi la tatu ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja. Tairi la 9.00-20 lina mzingo wa mita 3.10 hivi. Likifungwa juu ya difu ileile ya 41 kwa 6, lori linafika kilomita 76 na kupoteza asilimia 4.5 ya mvuto. Kwa hesabu yetu ya Gongoni ziada inashuka kutoka 520 hadi 360. Si bure, lakini inabebeka, na ni karibu sawa na kile ambacho matairi ya 10.00-20 yangetoa baada ya difu kufunguliwa na kulipiwa. Bei ya mtego ilikuwa ile ya mwanzo.

Yale matairi makubwa yalinunuliwa na mtu mwingine. Mzee alirudi baada ya majuma mawili na matairi ya 9.00-20 manne ya nyuma na mawili ya mbele, yote ya aina moja. Fundi alipoyafunga alirudia kipimo cha chaki lori likiwa limepakiwa, kisha akachukua brashi na rangi nyeupe, akafungua mlango wa dereva na kuandika upande wa ndani, mahali ambapo mmiliki wa sita wa lori hilo atapaona: 41/6, mita 3.09.